Mfungo sita tukiwa Riyadh

Mwaka 2013, mume wangu alipopata kazi ya kufundisha katika chuo kikuu kimoja cha Riyadh, ndugu na majirani zetu wa Tanga walitupongeza. Hakuna aliyenionya. Kuna muuguzi Mkristo wa mtaani kwetu aliyekwenda Saudia kabla yetu, na yeye alionywa mpaka akakaribia kughairi. Mimi niliambiwa, "Mashaallah, unakwenda kwa wenzio." Buibui nilivaa tangu usichana, watoto wangu walikuwa wanakwenda madrasa kila alasiri, na mama yangu aliniaga kwa furaha kwa sababu aliamini wajukuu wake wanakwenda kukaa jirani na Makka. Sikumwambia kwamba kutoka Riyadh hadi Makka ni karibu kilomita 900.

Riyadh ilitupokea vizuri, na hilo nataka lijulikane kabla sijaendelea. Jioni ya kwanza jirani wa juu alituletea sinia la kabsa na birika la kahawa ya iliki, amemtuma mwanawe mdogo, hata jina letu hajalijua. Mengine tulijifunza polepole. Miaka ile adhana ikilia, maduka yalikuwa yanateremsha milango ya chuma na mteja anangoja nje na watoto wake mpaka sala iishe. Mkahawani kulikuwa na mlango wa familia na mlango wa wanaume walio peke yao. Gari nililokuwa naendesha mwenyewe Tanga kwenda kazini, kule nisingeweza kuligusa. Wanawake waliruhusiwa kuendesha Juni 2018, wakati sisi tumekwisha rudi. Kwa hiyo siku zangu zilikuwa za kumngoja mume wangu au dereva. Hilo liliniuma, na bado likinijia kichwani linaniuma. Lakini watoto walikuwa salama, walishiba, na Kiarabu kiliwaingia kwa kasi ambayo mimi na baba yao tuliitamani.

Nililokuwa sijalifikiria kabisa ni mfungo sita, mwezi wa maulidi ya kuzaliwa Mtume.

Aliyekulia Tanga anaelewa. Mwezi huo ukiandama, mji unabadilika harufu. Leo maulidi kwa fulani, kesho msikiti fulani, keshokutwa madrasa zote zinapita barabarani na dufu, watoto wamevaa kanzu mpya. Serikali inatoa siku ya mapumziko. Kwetu Ngamiani, mama yangu ndiye aliyekuwa akiitwa nyumba za watu kuwasomea wanawake. Barzanji, kitabu cha maulidi, anayo kifuani yote, mlango kwa mlango, na binti yangu alikuwa akikaa magotini pake tangu hajaota meno, akishika mrashi wa marashi na kuwanyunyizia wageni.

Saudia siku hiyo ni siku ya kazi. Wanazuoni wakubwa wa kule, akiwemo Sheikh Ibn Baz aliyekuwa mufti mkuu mpaka alipofariki mwaka 1999, wametoa fatwa kwamba maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, kwa kuwa Mtume hakuyafanya wala masahaba zake. Hilo halikuwa geni kwangu. Tanga pia tunao ndugu zetu wa Ansar Suna wanaosema hivyohivyo. Tunabishana nao barazani, kisha tunazikana. Ila kule nyumbani ubishi ulikuwa wa watu wazima. Riyadh uliingia ndani kwangu mgongoni mwa mtoto, pamoja na begi la shule.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Mwanzoni mwa Januari 2014 mwalimu wao wa dini alifundisha somo la bidaa. Mtoto akanyoosha mkono, kwa fahari, akaeleza kwamba bibi yake wa Tanzania husoma maulidi na watu wote husimama na kumsalia Mtume. Mwalimu akamwambia mbele ya darasa kwamba bibi yake amepotea, kwamba kila bidaa ni upotevu na kila upotevu ni motoni.

Aliporudi hakula. Nilidhani ni baridi, maana Riyadh Januari usiku ina baridi ambayo mtoto wa Tanga hakuwahi kuiota, na watoto wangu wote wawili walikuwa na mafua. Nilipokuwa namfunika blanketi ndipo akaniuliza, "Mama, Bibi ataungua?"

Nilikaa kitandani pake nikamweleza nilichokijua. Nikamwambia Sayyid Jaafar al-Barzanji, aliyetunga hayo anayoyasoma Bibi, alizaliwa Madina, akawa mufti wa Kishafii hapohapo Madina, akafia Madina, katika karne ya 18. Nikamwambia kwamba huko Makka alikuwapo Sayyid Muhammad Alawi al-Maliki, aliyefariki mwaka 2004, mwanachuoni mkubwa aliyeyatetea maulidi, na kwamba zipo familia za Hijaz, upande huo wa Makka na Madina, zinazoyasoma majumbani mwao mpaka leo. Alinisikiliza. Akauliza tena, "Lakini ataungua?" Mtoto wa miaka minane hana haja na orodha ya wanazuoni. Alikuwa anamlilia bibi yake.

Nilipomwambia mume wangu kwamba mwaka huu nataka tuyasome hapahapa, alinyamaza muda mrefu. Hofu yake ilikuwa na msingi. Msamaha waliopewa wageni wasio na vibali ulikuwa umekwisha mwanzoni mwa Novemba 2013 na misako ikaanza mara moja. Tuliona mabasi, tukasikia vurugu za Manfuha walikokuwa wakiishi Wahabeshi wengi. Sisi iqama zetu, yaani vibali vya ukaazi, zilikuwa halali, lakini iqama ilikuwa mikononi mwa mwajiri, na watu wa Haya, wale wa kuamrisha mema na kukataza mabaya, walikuwa bado na uwezo wa kukamata watu, uwezo ulioondolewa mwaka 2016. "Tumekuja na watoto," aliniambia. "Tukirudishwa, tunarudishwa nao."

Nikamjibu kwamba ni kwa sababu tumekuja nao. Nikinyamaza, mtoto atajua kwamba mama yake naye anaamini Bibi amepotea. Hakubishana tena. Alisema tu, "Wanawake peke yenu. Sauti chini. Na dufu hapana." Akaahidi kumchukua mtoto wetu mdogo watoke naye mpaka tumalize.

Mahitaji yote niliyapata sokoni, tena bora kuliko ya kwetu. Udi Riyadh unauzwa kila kona, waridi la Taif linasifika dunia nzima, vyetezo vimepangwa madukani kuanzia vya udongo hadi vya dhahabu. Mchele, iliki, bizari nzima, tui la kopo, vyote soko la Batha vipo. Kitabu nilikuwa nacho, mama alikitia ndani ya sanduku langu chini ya kanga, na mimi nilikuwa sijawahi kukitoa.

Walikuja wanawake wachache: dada mmoja wa Mombasa ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi hospitalini, mama wa Unguja mtu mzima aliyekuja kumtazama mwanawe, Mngazija mmoja na binti zake. Waliingia wakiwa weusi kuanzia kichwani hadi miguuni, wakazitundika abaya mlangoni, na chini yake wote wana kanga na leso. Mama wa Unguja alipoinusa pilau akakaa chini palepale na kujifuta macho. Nyumba za Riyadh zina chumba cha wageni wanaume na cha wanawake, kila kimoja na mlango wake. Tukafunga mapazia ya chumba chetu, tukawasha hita ya umeme na chetezo.

Sijawahi kusikia maulidi yaliyosomwa kwa sauti ya chini namna ile. Kwetu msomaji akipaza, wenzake wanampokea mpaka mtaa wa pili wanasikia. Usiku ule tulipokeana kwa kunong'ona, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasikiliza maneno yenyewe.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, mgongo ukutani. Nilimwambia mapema kwamba anaweza kubaki chumbani kwake, akachagua kuja. Tulipofika kwenye nasaba ya Mtume, Muhammad bin Abdillahi bin Abdil-Muttalib bin Hashim, nikasikia sauti nyingine. Ni yeye. Nasaba ile alikuwa amehifadhishwa shuleni na mwalimu yuleyule, maana miongoni mwa mambo ya kwanza wanayofundishwa watoto wa kule ni kumjua Mola wao, dini yao na Mtume wao. Akaifuata vizuri, matamshi yake yakiwa safi kuliko yetu sote. Mngazija akageuka kumtazama na kutabasamu.

Kisha tukafika kwenye kuzaliwa, tukasimama. "Ya Nabii salamu alayka." Wote tulisimama, hata binti wa Mngazija mwenye miaka mitatu. Wangu hakusimama. Alikaa, mikono imebana magoti, akinitazama mimi machoni, na machozi yanamtiririka.

Mama wa Unguja alimnyooshea mkono kumwinua, kwa upole, kama bibi yeyote wa pwani angefanya. Nilimtikisia kichwa asifanye. Moyo wangu ulitaka asimame, nisidanganye. Nilitaka asimame kuliko kitu chochote usiku ule. Lakini nilimwona mtoto aliyebanwa kati ya watu wawili anaowapenda na kuwaheshimu, na mimi sikuwa tayari kuwa wa tatu wa kumvuta. Niliendelea kusoma huku namtazama. Marashi yalipozunguka, niliinama nikamfikishia mrashi pale alipokaa. Akakinga viganja vyote viwili, akajipaka usoni.

Wageni walipoondoka aliniomba tumpigie Bibi. Viber, ya kupigia simu kwa intaneti, ilikuwa imefungiwa kule tangu Juni 2013, kwa hiyo tukatumia vocha ya simu. Saa za Riyadh na Tanga ni zilezile, na mama alipopokea tulisikia dufu nyuma yake na watu wanacheka. Mtoto alisema shikamoo, na bila hata kungoja marahaba akaeleza yote: mwalimu, moto, na kwamba hakusimama.

Mama yangu hakusoma shule zaidi ya darasa la nne. Nilikuwa nimebana simu kati yangu na mtoto, nikiogopa kwamba ataumia, au atamtukana mwalimu, au atanigeukia mimi niliyewapeleka wajukuu wake huko.

"Mwalimu wako anakupenda," alisema. "Anakuogopea moto. Asiyekupenda angekuacha tu."

Mtoto akauliza, "Kwani wewe Bibi huogopi?"

"Naogopa, mjukuu wangu. Naogopa kila siku, ndiyo maana naamka usiku nikasali. Nani ataingia wapi, hilo mwalimu hajui na mimi sijui, anajua Mola peke yake. Mimi nasimama kwa sababu ametajwa Mtume na miguu yangu haikubali kukaa. Wewe umekaa kwa sababu unamwogopa Mungu. Tusigombane kwa hilo. Umekula pilau?"

Akasema amekula.

"Basi niombee dua, na mimi nakuombea. Mpe mama yako simu."

Kwangu alisema maneno machache tu: nisimlazimishe, na nisimseme mwalimu mbele yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu. Ya maulidi ya nyumbani kwangu sikuyataja. Nilimwambia tu kwamba afundishe kama anavyoamini, lakini asimwambie mtoto wa miaka minane kuwa bibi yake wa damu ni wa motoni, kwa kuwa mtoto hali wala halali. Alijibu kwamba dini ni kupeana nasaha na yeye hawezi kuficha haki. Nikasema sijamwomba aifiche. Tulibaki kimya kidogo. Kisha akaniuliza mama yangu ana umri gani, kama anafunga, kama amehiji. Nikamwambia hajahiji, uwezo hajaupata. Akashika mkono wangu akasema, "Mungu amruzuku hija." Msimamo wake hakuubadilisha na mimi sikuubadilisha wangu, lakini tangu siku ile hakumtaja tena Bibi darasani, na binti yangu aliendelea kumpenda. Ni yeye aliyempa Kiarabu anachojivunia mpaka leo.

Tulirudi Tanga mwaka 2017. Mama sasa ni mzee, sauti imepungua, na mfungo sita ukifika wanawake wanakuja kwake badala ya yeye kwenda kwao. Binti yangu, msichana mkubwa sasa, ndiye anayemsomea mlango wa nasaba anapochoka. Watu wakisimama, yeye anakaa. Bibi yake hamuulizi, na wageni wanaouliza, Bibi ndiye anayewajibu.