Hesabu za mfukoni katika Counter-Strike

Counter-Strike, gemu ya kufyatuliana risasi, ilianza mwaka 1999 kama nyongeza ya gemu ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. Tangu Septemba 2023 inachezwa Counter-Strike 2, na bado ni watano kwa watano: hawa wanatega bomu, wale wanazuia au wanategua. Shabaha huzoeleka. Kinachomrudisha mtu mezani ni pesa za ndani ya gemu, za kununulia silaha kila raundi.

Kila mchezaji anaanza na dola 800. Chukulia zote zimeisha na raundi ya bastola, yaani ya kwanza, mmeshindwa: mnapewa 1,900 kila mmoja, na hapo ndipo timu changa zinapoharibu. Mkifunga mikono raundi ya pili bila kununua kitu, mkashindwa tena, inaingia 2,400, jumla 4,300. AK-47 ni 2,700, fulana ya kuzuia risasi na helmeti 1,000, na 600 zinazobaki zinatosha bomu la moshi (300) na la kupofusha (200). Lakini mwenye pupa akitumia 1,500 raundi ya pili, ya tatu ana 2,800 tu. Ana AK mkononi na kifua wazi. Anaanguka mapema, na bunduki inaokotwa na adui. Mechi sasa ni raundi 24 badala ya 30 za zamani, wa kwanza kufika 13 anashinda, kwa hiyo kosa la namna hii halina muda wa kufidiwa.

Hata raundi iliyokwisha kuwaponyoka ina kitu cha kuokota. Mkitega bomu, mnaongezewa pesa kila mmoja hata mkishindwa. Ila mtegaji anayejificha mpaka muda ukaisha bila bomu kutegwa hapati hata kifuta jasho. Anabaki na bunduki yake tu, na wengi hawalijui hili.

Bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa. Kulitegua ni sekunde 10, au 5 ukiwa na vifaa vya kutegulia vya dola 400. Adui anajua hesabu hiyo hiyo, na anasikia unapoanza. Ndiyo maana wajanja hugusa bomu, wakaachia mara moja: aliyejificha anachungulia, anapigwa. Ukiachia unaanza upya, basi usijaribu mchezo huo bila vifaa zikiwa zimebaki sekunde chini ya 15.