Kutoka nyumba ya kushirikiana kabla ya mkataba kwisha: nilivyoipata dhamana yangu

Nyumba niliyokuwa nimepanga iko Fuoni, Unguja: vyumba vitatu, wapangaji watatu, jiko, ukumbi na choo vya pamoja. Mkataba ulikuwa wa mwaka, kodi ikilipwa miezi sita mbele, na dhamana ya mwezi mmoja tuliitoa siku ya kupewa funguo. Kazi ikanihamishia Pemba mwaka haujafika. Dhamana niliipata yote, na kodi ya miezi ambayo sikuikalia pia. Naeleza jinsi ilivyofanyika kwa sababu naumia nikiona watu wanahama na kuacha pesa zao kwa kuambiwa neno moja tu, "umevunja mkataba", wakanyamaza.

Kwanza nilizitenga pesa mbili ambazo watu huzichanganya: dhamana, na kodi iliyolipwa mbele ikabaki. Ukienda kwa mwenye nyumba ukasema "nataka pesa zangu", atakujibu kwa mkupuo mmoja kwamba umeondoka kabla ya muda. Jibu hilo lina nguvu kwenye kodi. Kwenye dhamana halina, kwa sababu dhamana iliwekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni. Kama hujaharibu na hudaiwi, kuondoka mapema peke yake hakuigeuzi kuwa mali yake, isipokuwa mkataba wenyewe umesema hivyo. Kwa hiyo soma mkataba wako mstari kwa mstari kabla hujafungua mdomo. Tafuta vifungu vitatu: muda wa notisi, kinachotokea mpangaji akiondoka mapema, na siku ngapi baada ya makabidhiano dhamana inatakiwa irudi. Hicho cha tatu mara nyingi hakimo. Kama hakimo, kiweke wewe kwenye notisi yako kwa kupendekeza tarehe.

Tuchukue hesabu nyepesi. Nyumba ni Sh 450,000 kwa mwezi, kila mmoja wa watatu anatoa 150,000. Kila mmoja amelipa miezi sita, yaani 900,000, na fungu lake la dhamana ni 150,000. Umekaa miezi minne, na mwisho wa mwezi wa nne unatoa notisi ya mwezi mmoja. Mwezi wa tano ni wa notisi, unalipiwa hata kama chumba ni kitupu. Unaozungumzwa ni mwezi wa sita peke yake, na dhamana. Lakini akipatikana mtu wa kuingia tangu mwanzo wa mwezi wa tano, miezi yote miwili, Sh 300,000, ni yako kuidai, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kupokea kodi ya chumba kimoja mara mbili. Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote: mtu wa kuingia badala yako ana thamani kuliko hoja yoyote utakayoitoa.

Sasa hali ya nyumba ya kushirikiana. Angalia kama mkataba ni mmoja mliotia saini wote, au kila chumba kina mkataba wake. Kwa mkataba wa chumba, unamalizana na mwenye nyumba na wenzako hawahusiki. Kwa mkataba mmoja, ambao ndio wa kawaida kwa nyumba nzima, dhamana inahesabiwa ni ya nyumba. Mwenye nyumba ana haki ya kusema hatoi theluthi wakati watu wawili bado wamo ndani na wanaweza kuvunja sinki kesho. Wengi hudhani huo ni ujanja. Si ujanja, na ukiligombania hilo utapoteza muda na uhusiano. Njia inayofanya kazi ni kwamba anayeingia anakulipa wewe fungu lako, na jina lake linachukua nafasi ya lako. Dhamana iliyo mikononi mwa mwenye nyumba haiguswi, na yeye hatoi hata shilingi mfukoni, ndiyo maana anakubali haraka.

Ila makubaliano hayo yawe kwenye karatasi yenye saini zenu nyote: wewe, anayeingia, mwenye nyumba, na wenzako wanaobaki. Karatasi yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja tarehe, anuani ya nyumba, kwamba fungu la dhamana la Sh fulani limehama kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani, hali ya chumba siku hiyo, na sentensi moja inayokuruhusu kulala kwa amani: kwamba kuanzia tarehe hiyo anayetoka hadaiwi kodi wala uharibifu wa nyumba hiyo. Bila sentensi hiyo, jina lako linabaki kwenye mkataba, na mwenzako mmoja akishindwa kodi baada ya miezi mitatu, utapigiwa simu uko Wete, Pemba.

Notisi niliiandika kwa ujumbe wa simu kisha nikaipeleka kwa mkono nakala mbili, moja akanisainia. Maneno yawe ya adabu na yasiyo na mwanya. Hivi:

"Assalaam aleykum mzee wangu. Nakuarifu kuwa nitahama nyumba ya Fuoni mwisho wa mwezi ujao kwa sababu ya uhamisho wa kazi. Ujumbe huu ni notisi ya mwezi mmoja kwa mujibu wa mkataba wetu. Naomba ruhusa nilete mtu wa kuingia chumbani kwangu umuone na uridhike naye. Naomba pia tupange siku ya kukagua chumba pamoja kabla sijatoa vitu, na dhamana tuimalize ndani ya siku kumi na nne baada ya funguo. Shukran."

Ila kabla ya ujumbe wowote nenda ukae naye barazani umwambie kwa mdomo kwanza, halafu maandishi yafuate. Mtu mzima akiletewa barua kabla ya salamu huiona ni mashtaka.

Kumpata wa kuingia kunategemea mwezi. Fuoni, Mwera na Tunguu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar hutafuta vyumba mwaka wa masomo unapokaribia kuanza. Chukwani kuna wa Chuo Kikuu cha Sumait. Wafanyakazi wa mahoteli hutafuta kuanzia Juni na tena Disemba. Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na chumba kinaweza kukaa wazi. Ukiweza kusogeza tarehe ya kuhama, isogeze nje ya masika. Wenzako wanaobaki wapewe nafasi ya kumkubali au kumkataa mtu, kwani wao ndio watakaotumia naye choo kimoja. Na wakimkataa mtu mzuri bila sababu, liandikwe, maana hapo hasara haijatoka kwako. Dalali akihusika, ujira wake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, huutoa anayeingia. Usikubali ukatwe na wewe tena kutoka kwenye dhamana kwa jina la "gharama za kutafuta mpangaji". Kama umemleta mtu mwenyewe, gharama hizo hazipo.

Ukaguzi ndio unaokula pesa za watu, na hapa Unguja kesi kubwa ni kuta. Mwenye nyumba anaingia, anaona rangi imevimba na kubanduka nyuma ya kitanda, anasema umemharibia. Kabla ya kukubali, piga magoti uangalie kwa karibu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni na kuishia kwenye mstari unaokaribia kuwa sawa ukuta mzima, mara nyingi chini ya usawa wa kiuno. Rangi inatoa malengelenge, na ukilipasua lengelenge ndani kuna unga mweupe. Uchukue kidogo uutie kwenye kijiko cha maji: ukiyeyuka, ni chumvi iliyopandishwa na maji kupitia kwenye matofali. Ukungu ni kitu kingine: una madoa meusi au ya kijani, hauyeyuki, unanuka, na hukaa pale ambapo hewa haizunguki, kama nyuma ya kabati lililobanwa ukutani. Chumvi ni tatizo la nyumba, la msingi usiozuia maji. Ukungu wa nyuma ya kabati una mjadala, na ukiwa umekaa na madirisha yamefungwa mchana kutwa una sehemu yako.

Ikiwa bado mnabishana, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukifunge kwa selotepu pande zote nne kisiingize hewa, mkiache mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba. Mwenye nyumba wetu alipoona matone yapo upande wa ndani, suala la ukuta lilikwisha bila kelele. Kwa nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hali ni mbaya zaidi pale zilipopigwa plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu yake: ukuta uliozoea kupumua umezibwa, maji yanatafuta pa kutokea, na yanatoka kwa kubandua. Mpangaji hana kosa lolote hapo.

Kutu vilevile. Ukikaa Mbweni au Chukwani karibu na bahari, nondo za madirisha, bawaba na mashine ya nje ya kiyoyozi hushika kutu kwa upepo wa chumvi hata zisiguswe. Bomba la kuogea lililoziba kwa ukoko mweupe linatokana na maji ya kisima. Hivyo ni uchakavu wa kawaida. Kigae kilichopasuka kwa kuangushiwa mtungi wa gesi, wavu wa mbu uliotoboka, kitasa kilichovunjwa baada ya kupoteza ufunguo, matundu ya misumari: hivyo ni vyako, na ni bora uvitengeneze mwenyewe kabla ya ukaguzi. Matundu yazibe kwa saruji nyeupe au puti, yakikauka yasuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ileile. Peleka kigamba cha rangi dukani wakulinganishie.

Ukidaiwa rangi, hesabu mbele yake. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 35 hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwenye ukuta laini. Mikono miwili ni lita sita na kitu, yaani madebe mawili ya lita nne, na inabaki. Anayekudai ndoo ya lita 20 anataka kupaka nyumba yote kwa dhamana yako. Muulize pia rangi iliyopo ilipakwa lini. Ikiwa ina miaka mitatu, ilikuwa inakaribia kupakwa upya hata usingeishi humo, na haki ni kuchangia sehemu tu. Uharibifu wa jikoni na ukumbini ugawanywe kwa watatu, wa chumbani ubebwe na mwenye chumba. Kama kuna kitu cha Sh 20,000 hakijatengenezwa chumbani kwako, anayeingia akulipe 130,000 badala ya 150,000, na kitajwe kwenye karatasi ili naye asije akadaiwa.

Siku ya funguo piga picha ya kila ukuta, sakafu, dari, sinki na mita ya umeme ya Tukuza ikionyesha uniti zilizobaki, kisha zitume palepale kwa mwenye nyumba na wenzako ili tarehe ijisemee. Uniti mlizonunua pamoja mgawane kwa pesa. Ankara ya maji ya ZAWA ilipwe mpaka mwezi huo, risiti iwekwe na karatasi nyingine. Funguo zihesabiwe, hata zile za ziada ulizochongesha, na idadi iandikwe.

Akikataa kabisa, usianze na polisi. Hili ni deni la mkataba, si jinai. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo (shehia) ilipo nyumba, si ya unapohamia, uende na mkataba, risiti, notisi iliyosainiwa na picha. Sheha huwaita wote wawili, na wenye nyumba wengi hawapendi kuitwa kwa Sh 150,000. Isipomalizika hapo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu 1992, hutoa ushauri, na mahakama ndiyo hatua ya mwisho. Angalia mkataba wako kama haukunakiliwa kutoka Bara: ukiona umetaja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo hicho ni cha Tanzania Bara. Mikataba ya nyumba si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria na mahakama zake.

Akikubali lakini akasema hana pesa sasa, pokea kwa mafungu, mawili au matatu, kila fungu na tarehe yake, kwa maandishi na saini, na kupitia simu au benki ili kila malipo yaache kumbukumbu. Funguo ya mwisho mpe siku ya kusaini karatasi hiyo.