Bado Nahesabu Matone

Leo ni siku ya 19 tangu nirudi, na asubuhi nimejikuta nimesimama mbele ya bomba, maji yakitiririka, nikinusa klorini ambayo haipo. Kule tulinawa maji ya klorini ya asilimia 0.05 kila tulipotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ngozi ya vidole imeshapona, ila pua bado haijakubali kwamba nimeondoka.

Nilijitolea miezi 3 kwenye kambi ya kutibu kipindupindu. Kila anayekuja kunipa pole ya safari huuliza swali lilelile: hukuogopa kuambukizwa? Niliogopa, wiki ya kwanza. Baadaye kazi haikuiachia hofu nafasi. Ninachotamani kuulizwa ni jinsi wagonjwa wale wanavyorudi kutoka ukingoni mwa kifo.

Mama mmoja aliletwa na wanawe wawili wamembeba kwenye shuka. Macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Mapigo ya mkononi sikuyapata kabisa. Nikamkadiria kilo 50, nikapiga hesabu ambayo sasa naweza kuifanya hata usingizini: lita 1.5 za maji ya dripu ndani ya nusu saa, kisha lita 3.5 kwa saa 2 na nusu zinazofuata. Mshipa wa kwanza ulinikimbia. Wa pili ukakubali, tukaiachia dripu ikimbie. Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye mkono wake nilipohisi kitu kikigonga, chepesi mno, kikapotea, kikarudi. Jioni alikuwa ameketi kwenye kile kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, amejifunika khanga kwa haya, akiwaulizia wanawe kwa lugha ambayo nilijua maneno yake machache tu. Neno "watoto" nilikuwa nalijua.

Ni maji na chumvi, na kuwahi. Kipindupindu kikali kisipotibiwa chaweza kuua hadi nusu ya wanaougua. Kikiwahiwa, hafi hata 1 kati ya 100. Ndiyo maana waliokufa hawaniachi. Baba mmoja alifika alfajiri, ametembea usiku kucha na mtoto mgongoni. Nilipomfungua mtoto, hapakuwa na hesabu ya kupiga. Nilimshika yule baba mabega, na neno likanikosa.

Siku naondoka, vitanda vilikuwa bado vimejaa. Daftari la zamu nilimkabidhi nesi mwenzangu, mwenyeji wa palepale. Yeye hana tarehe ya kurudi nyumbani, kwa sababu yuko nyumbani. Watu wananisifu mimi niliyekwenda. Yeye aliyebaki ndiye ninayetaka wamjue.

Mama yangu ameona. Juzi usiku alikuja kuketi kando ya kitanda changu. "Mwanangu, mbona kimya?" Nikamwambia, "Nitasema, mama, ila si leo." Hakunisukuma. Alibaki hapo mpaka nikasinzia.

Jana nimerudi wodini. Hapa dripu inaendeshwa na mashine, hakuna haja ya mtu kuitazama. Nimejikuta nimesimama kando ya mzee mmoja, macho kwenye matone, midomo ikihesabu.

"Sista, kuna tatizo?"

"Hapana, baba. Nakuangalia tu."

Nikamshika mkono. Mapigo yalikuwepo, yenye nguvu, na nikayahesabu dakika nzima.