Nilivyowasimulia wazee habari za rubani Jesse Brown

Mara ya kwanza nilichemsha. Wazee wetu hapa Columbus, Ohio, hukutana Jumamosi kwa chai na maandazi, na Februari moja nikaombwa niwasimulie habari za rubani mweusi wa jeshi la majini la Marekani. Nikasimama na karatasi: Jesse LeRoy Brown, kazaliwa Mississippi 1926, kafuzu urubani Oktoba 1948, nishani hii na ile. Dakika ya tano mzee mmoja anakoroma.

Wiki iliyofuata karatasi niliiacha nyumbani. Nikaanzia hapahapa mjini: Brown alisoma Ohio State, na kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa sita usiku alipakia mizigo kwenye mabehewa. Vichwa vikainuka. Nusu yetu mle ndani tunafanya kazi ya ghala usiku.

Kazi ilikuwa kueleza ndege inavyotua juu ya meli. Nikachukua mwavuli wa Mama Neema, nikaugeuza: kishikio kilichopinda ndiyo ndoano ya mkiani. Kamba ya kuanikia nguo nikaitandaza sakafuni, ndiyo waya wa kunasia ndege juu ya meli. Ndoano ikidaka kamba, umepona. Isipodaka, enzi hizo mbele kulikuwa na kizuizi, na nyuma ya kizuizi zimeegeshwa ndege za wenzako. Mwavuli ulivunjika, nikaulipa.

Vita vya Korea nilivisimulia polepole. Tarehe 4 Desemba 1950 ndege ya Brown ilipigwa, akatua kwa kishindo mlimani kwenye theluji, mguu ukabanwa. Mwenzake Thomas Hudner, mzungu, akaiangusha ndege yake makusudi kando ya Brown. Injini ya Brown ikitoa moshi, Hudner akawa anaishindilia theluji kwa mikono. Helikopta ikaja na shoka. Shoka halikufua dafu. Giza likaingia, wakamwacha. Brown aliacha ujumbe kwa mkewe, Daisy: aambiwe kwamba anampenda.

"Wakamwacha?" Mama Neema aliuliza.

Nikawaambia Hudner alipovishwa nishani ya juu kabisa na Rais Truman, Aprili 1951, Daisy alikuwepo. Na kwamba mwaka 2013 Hudner alifunga safari hadi Pyongyang kutafuta mabaki ya rafiki yake. Mvua zikamzuia kufika kwenye ule mlima.

"Alikuwa na miaka mingapi?" akauliza yule mzee wa kukoroma.

"88."

"Na akaenda?"

"Akaenda, mzee."

Akasogeza kikombe, akaomba nimwongezee chai.