Rutuba Ikizidi, Mimea Hupungua

Huku Tabora, mtu akisema ardhi imechoka, wanaomsikiliza hufikiria tiba moja tu, nayo ni mbolea. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanazifahamu vizuri mbolea za viwandani za NPK na CAN, na kwa shamba la zao moja hawajakosea. Lakini kanuni hiyo haifai kwenye nyanda za nyasi za asili, hasa zile za milimani zilizo juu ya kikomo cha miti, yaani mwinuko ambao miti haiwezi kuota tena. Huko, ukiongeza rutuba, uzito wa majani huongezeka huku idadi ya aina za mimea ikishuka.

Udongo wa huko juu hauna virutubisho vingi vinavyopatikana kwa urahisi, kwa kuwa baridi huwafanya bakteria na kuvu waozeshe mabaki polepole, hivyo naitrojeni nyingi hubaki imefungwa humo. Mimea iliyozoea hali hiyo ni mifupi, hukua taratibu na huwekeza sana kwenye mizizi. Mingine hupata fosforasi kwa msaada wa kuvu, na ile ya jamii ya mikunde hujipatia naitrojeni kutoka hewani kupitia bakteria wa vinundu vya mizizi. Hakuna aina yenye uwezo wa kuzimeza nyingine, na ndiyo maana nyingi hukaa pamoja mahali padogo.

Ukimwaga mbolea, ushindani huhama kutoka ardhini na kwenda kwenye mwanga. Katika nyanda za juu za Tibet, majaribio ya kuongeza naitrojeni yameonyesha nyasi ndefu zikitamalaki, huku mimea mifupi yenye maua ikififia. Mwaka 2009 mtafiti wa mimea Yann Hautier na wenzake walichapisha jaribio ambalo binafsi naliona la kijanja kuliko mengi: waliweka taa chini ya majani ya nyasi zilizotiwa mbolea, na mimea ya chini iliyopata mwanga huo haikupotea kama ilivyopotea pasipo taa. Kumbe kivuli kilikuwa na sehemu kubwa katika upotevu huo.

Hapa kwetu hakuna mlima wa namna hiyo, lakini zizi la ng'ombe lililohamwa huonyesha jambo linalofanana nalo. Samadi ya miaka mingi huufanya ukoka ufunge ardhi yote, na pembeni huota mnavu na mchicha pori. Toka hatua chache nje ya zizi, kwenye mchanga mwepesi, kisha uiname: utaona nyasi nyembamba za namna kadhaa, vimea vya jamii ya mikunde vinavyotambaa, na viua ambavyo ng'ombe hata havigusi.

Kivuli si sababu pekee. Mbolea za amonia huongeza tindikali ardhini, na mikunde hupoteza faida yake pale naitrojeni inapopatikana bure. Isitoshe, si lazima mtu apande mlimani na mfuko wa mbolea: moshi wa magari na viwanda, pamoja na amonia itokayo kwenye mifugo na mashamba, hupeperushwa na kushuka na mvua au theluji, jambo lililochunguzwa kwa muda mrefu huko Niwot Ridge, eneo la milimani katika jimbo la Colorado, nchini Marekani.

Kwa Tanzania, ninaiwazia Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye okidi nyingi katika mwinuko wa takriban mita 2,600. Si juu ya kikomo cha miti kwa maana kamili, lakini ni nyanda za nyasi za baridi, na jirani yake hulimwa viazi mviringo, zao linalodai mbolea nyingi.

Je, hasara hiyo hurekebishika? Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, ambako viwanja vya nyasi vimekuwa vikitiwa mbolea tangu 1856, baadhi ya sehemu ziliachishwa naitrojeni mwaka 1989 na aina za mimea zikaanza kurejea. Hiyo lakini ni nchi tambarare, na hukatwa majani kila mwaka. Mlimani, ambako mimea hukua kwa msimu mfupi na mbegu huchukua muda kushika, marejeo hayo huwa ya polepole zaidi.