Kumlea mtoto wa mbwa penye kuku

Kwenye nyumba nyingi za mjini zenye uzio, utaratibu ni huu: mtoto wa mbwa anafungiwa bandani mchana kutwa, kuku wanazagaa uani. Jioni kuku wakishapanda vichanjani, mbwa anafunguliwa alinde hadi alfajiri. Miezi inapita bila kuku kuguswa, na mwenye nyumba anaamini mbwa wake ameshazoea. Hajazoea chochote. Muda wote huo amekuwa akichungulia kwenye nafasi za mbao, anaona manyoya yakipita, anasikia mbawa, analia na kukwaruza mlango. Siku komeo likisahaulika, anayetoka humo ni mbwa wa miezi tisa mwenye nguvu zake na hamu aliyoilimbikiza tangu utotoni. Kabla mtu hajafika uani, kuku kadhaa wako chini.

Mbwa wa kijijini aliyezaliwa nyuma ya jiko ni kinyume chake. Tangu macho yalipofumbuka kuku wamekuwa wakimruka na kudonoa makombo pembeni ya mama yake, na mama mwenyewe hainui hata sikio. Umri ambao mbwa huzoea mambo kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14. Atakachokiona kila siku katika umri huo bila kitu chochote kutokea, kwake huelekea kuwa cha kawaida hata akikua. Ukimchukua akiwa na wiki 8, bado una wiki sita hivi za thamani sana. Usizimalizie bandani.

Ni vizuri kuelewa kinachoendelea kichwani mwake. Uwindaji wa mbwa una hatua zinazofuatana: kukodoa macho, kunyata, kukimbiza, kukamata, kutikisa. Hahitaji njaa ili aanze. Kuku akikimbia huku anapiga mbawa, inatosha. Na kukimbiza kwenyewe ni malipo. Akishaonja mbio zile, hakuna kipande cha nyama kitakachozishinda. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafunzo haya ni kumnyima mbio ya kwanza. Hata moja. Anayesema "muache acheze nao kidogo, atachoka mwenyewe" anamfundisha mbwa wake kuua.

Vifo vingi vinavyosababishwa na watoto wa mbwa ni vya mchezo. Anamkandamiza kuku kwa miguu ya mbele, anamlamba, anamng'oa manyoya ya mgongoni. Kuku anakufa bila jeraha la maana, na watu wanashangaa. Sababu ni kwamba kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukimkandamiza hapo hapumui, hata kama mdomo uko wazi. Kifaranga hahitaji zaidi ya mguu mmoja juu yake kwa muda mfupi.

Kabla mbwa hajafika, kagua banda la kuku. Waya mwembamba wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, kazi yake ni kuwazuia kuku wasitoke. Mbwa wa miezi sita anaupasua kwa meno. Kuanzia chini hadi sentimita 90 weka mabanzi au wavu mzito wa chuma uliochomelewa, na ufukie sentimita 30 ardhini, kwa sababu mbwa huchimba palepale ukuta unapokutana na udongo. Komeo la kusukuma kwa pua halifai. Tumia la kuzungusha au weka kufuli.

Wiki ya kwanza usimpeleke kwa kuku. Mfundishe jina lake, kuvaa mkanda wa shingoni na kutembea na kamba. Mfundishe pia neno "acha", mbali kabisa na kuku. Ficha kipande cha maini kwenye ngumi. Atalamba, atakwaruza, atanusa. Akirudisha kichwa nyuma, sema "acha", kisha mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Kile alichokiacha hakipati kamwe, maana kuku naye hatampata kamwe. Akielewa, weka kipande sakafuni chini ya kiatu chako. Halafu sakafuni wazi. Halafu kitambaa kilichofungwa kwenye uzi, ukikiburuta taratibu, baadaye kwa kasi. Akiweza kuacha kitambaa kinachokimbia, yuko tayari kumwona kuku kwa karibu.

Nyumba nzima itumie neno lilelile. Baba akisema "acha", dada akisema "toka" na watoto wakipiga kelele "shii", mbwa anasikia fujo tu, na fujo humchangamsha.

Kwa mazoezi yenyewe unahitaji kamba ya mita 2 na mfuko wa maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi, yakakatwa ukubwa wa punje ya mahindi. Dagaa pia wanafaa, wakiloweshwa kwanza kupunguza chumvi. Chagua alasiri, saa 9 au 10, kuku wakiwa wamejilaza kivulini wakijifukia vumbi. Usianze saa 12 asubuhi: banda likifunguliwa kuku hutoka kwa kishindo, wengine wanaruka, jogoo anakimbiza mitetea, na mtoto wa mbwa hawezi kutulia mbele ya hayo.

Simama mita 10 hadi 15 kutoka walipo. Kamba iwe legevu. Ikivutwa inamwongezea mori. Kaa kimya. Akimtazama kuku kisha akageuza kichwa kukutazama wewe, sema "vizuri" na mpe kipande papo hapo. Usimwite, ngoja ageuke mwenyewe. Akilala chini, akinusa majani au akipiga mwayo akatazama kwingine, mpe pia. Unamlipa kwa kuwapuuza. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku.

Kipimo cha umbali ni tumbo lake. Mbwa mdogo anayekataa maini amekaribia mno. Rudi nyuma mita 3 au 4. Soma na mwili: mdomo uliokuwa wazi unafunga ghafla, masikio yanasimama mbele, mkia unaganda, mguu mmoja wa mbele unainuka na kubaki hewani. Hapo una sekunde moja au mbili tu. Geuka naye, ondokeni, bila kumkemea. Akibweka na kuruka si hatari kama akiganda kimya, ingawa watu wengi huogopa kelele na kuupuuza ukimya.

Akiwa ametulia siku mbili mfululizo, sogea mita moja. Usiharakishe, wengine huchukua wiki tatu, wengine miezi miwili, na mbwa wa jamii za kuwinda huchukua zaidi. Mwisho wake ni mbwa aliyelala kivulini, kamba chini ya kiatu chako, kuku wakidonoa mtama hatua mbili kutoka kwenye pua yake. Ukifika hapo, mwache aburute kamba ya mita 5 huku ukiwa karibu, ili akianza mbio uikanyage tu.

Kuku mwenye vifaranga ni somo la peke yake, na la mwisho. Wapo wanaomwachia makusudi mtoto wa mbwa adonolewe "ashike adabu". Wengine hushika kweli, lakini jicho la mbwa mdogo liko usawa wa mdomo wa kuku, na kipi cha jogoo, ule mwiba wa mguuni mwake, kinaweza kulipasua. Mwingine haogopi, anajifunza kupigana. Vifaranga wafungiwe hadi mbwa awe ameshatulia na kuku wakubwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni chakula. Kuku ni wezi wa chakula cha mbwa. Sahani ya ugali na dagaa ikiwekwa uani, wanne wanaizunguka kabla mbwa hajameza tonge la pili. Atavumilia leo na kesho. Siku akiwa na njaa atamng'ata mmoja kichwani, na watu watasema ameanza tabia ya kula kuku. Mlishe ndani ya banda lake au nyuma ya mlango uliofungwa, sahani iondolewe baada ya dakika 15. Wa wiki 8 hadi 12 ale mara nne kwa siku, hadi miezi sita mara tatu, baada ya hapo mara mbili.

La pili ni sisi wenyewe. Mgeni amefika, jogoo anatakiwa mezani, na watoto watatu wanamkimbiza uani kwa vifijo huku mbwa anatazama. Hakuna somo baya kuliko hilo. Mtoe kuku kichanjani usiku, au umshike ndani ya banda asubuhi kabla ya kufungua. Wakati wa kuchinja mbwa awe mbali, na vichwa, utumbo na manyoya vifukiwe. Kuku aliyekufa kwa mdondo naye afukiwe kirefu au achomwe; mbwa akimfukua anazoea ladha na anausambaza ugonjwa kwa kuburuta mzoga.

Kati ya miezi 6 na 18 mbwa hubalehe, na yule aliyekuwa mtulivu anaanza kujaribu tena. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu walishaacha kamba. Irudishe. Asibaki peke yake na kuku, na hasa asibaki na mbwa mwingine: wawili huchocheana, na wa jirani akiingia mara moja anaharibu kazi ya miezi.

Kumfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni hadi kuku aoze hakumfundishi chochote, kunamletea funza na vidonda. Kumchapa dakika kumi baada ya tukio kunamfundisha kukukimbia wewe, na safari ijayo ataua akiwa amejificha. Yai la moto mdomoni kwa mbwa anayekula mayai ni ukatili unaounguza ulimi. Okota mayai mara tatu kwa siku na inua viota.

Angalia pia afya. Kuna viroboto wanaong'ang'ania kwenye upanga na kuzunguka macho ya kuku, weusi kama punje za pilipili manga. Hao huhamia masikioni na katikati ya vidole vya mbwa. Watibu kuku na mbwa pamoja na banda, lakini usimpake mbwa unga wa dawa ya kuku bila kumuuliza daktari wa mifugo. Chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia koksidiosis (ugonjwa wa kuhara damu), kama monensin au lasalocid, ni sumu kwa mbwa, hivyo magunia yafungiwe. Minyoo itibiwe kwa ratiba ya daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Kama ameshaua, usimuuze kwa mtu mwingine mwenye kuku bila kumwambia. Anza upya kutoka mita 20, na ukubali kwamba huenda asiaminike tena bila uzio katikati. Bado anaweza kuwa mlinzi mzuri: nje ya wavu usiku, akimfukuza kicheche na mwizi, kuku wakiwa ndani wamefungiwa kwa kufuli.