Nilivyoacha Kuishikilia Ndege kwa Mikono Yangu

Kwa muda wa miaka saba sikupanda ndege, na katika miaka hiyo nilipata ufasaha wa kutunga visingizio ambao sikujua kama ninao. Kila ilipotokea safari ya kikazi nilidai kwamba napenda basi kwa kuwa linanipa nafasi ya kuitazama nchi, hata pale ambapo basi lilichukua siku mbili na ndege ingechukua saa moja na nusu. Mdogo wangu alipofunga ndoa ng'ambo nilimwambia kwamba nimenyimwa likizo kazini, ilhali sikuwa nimeiomba. Alinijibu kwa maneno machache ya upole, akanitumia picha, na jambo hilo hatukulizungumza tena.

Awali nilikuwa miongoni mwa abiria wanaosinzia kabla ndege haijaiacha ardhi. Kisha ikaja safari moja ya usiku ambapo tuliingia katika msukosuko wa hewa uliodumu kwa dakika kama 20. Vikombe vilianguka, mtu mmoja nyuma yangu akapiga ukelele, wahudumu wakaamriwa kuketi na kufunga mikanda, na taa ya bawa niliyokuwa nikiitazama dirishani ikawa inapanda na kushuka kana kwamba bawa linataka kung'oka. Hakuna aliyeumia, na tulitua kwa wakati. Waswahili husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nyoka hakuwa ameniuma, nilikuwa nimeuona unyasi ukitikisika tu, lakini kuanzia usiku ule mwili wangu haukutaka kusikia tofauti hiyo.

Baada ya hapo nilisafiri mara mbili, na safari zote mbili nilizifanya kama mlinzi wa zamu. Nilianza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Ndani ya ndege nilichagua kiti cha kando ya njia ili niweze kuwaona wahudumu, nikawa nasoma nyuso zao kama mshtakiwa anavyousoma uso wa hakimu: akitabasamu mmoja nilipumua, akitembea haraka nilihesabu hatua zake. Sikulala, sikula, sikwenda msalani. Mikono yangu ilikamata pande zote mbili za kiti tangu kupaa hadi kutua, kwa nguvu iliyoniachia maumivu ya mabega kwa siku mbili. Safari ya tatu sikuifanya. Nilifika hadi kwenye lango la kupandia ndege nikiwa na kadi mkononi, nikajifungia msalani, nikalisikia jina langu likitangazwa mara mbili, na sikutoka hadi nilipokuwa na hakika kwamba ndege imeondoka. Nafuu niliyoipata dakika ile ilikuwa kubwa mno, na sasa ninaamini kwamba nafuu hiyo ndiyo iliyonigharimu ile miaka saba, kwa sababu mwili ulijifunza kwamba dawa ya hofu ni kukimbia, ukawa unaidai dawa hiyo kila mara.

Watu walionipenda walinipa takwimu. Kila mmoja alinikumbusha kwamba barabara huua watu wengi kuliko anga, jambo ambalo nilikuwa nikilijua na sikuwa na sababu ya kulipinga. Nililikubali nikiwa sebuleni, na halikunifaa kitu nilipoiwazia ngazi ya ndege. Rafiki mmoja, shabiki wa soka, alinifariji kwa kunitajia Dennis Bergkamp, mshambuliaji wa Uholanzi aliyeichezea Arsenal kuanzia mwaka 1995 hadi 2006, ambaye alikataa kabisa kupanda ndege hata kwa ajili ya mechi za mbali za ugenini. Nilifarijika kwa siku moja. Halafu nikakumbuka kwamba mimi si Bergkamp, na kwamba mwajiri wangu hana sababu ya kunivumilia kama Arsenal ilivyomvumilia yeye.

Kilichonipeleka kwa mwanasaikolojia hatimaye kilikuwa cheo kipya ambacho kingenitaka nisafiri karibu kila mwezi. Nilitarajia kwamba ataniuliza habari za utoto wangu. Badala yake aliniomba nimweleze, hatua kwa hatua, yale ninayoyafanya nikiwa ndani ya ndege, nami nikamweleza yote: utabiri, nyuso za wahudumu, kukesha, mikono. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo safari nzima unairusha wewe, na marubani wanalipwa bure." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Maana yake ilikuwa hii. Kila ndege ilipotua salama, akili yangu haikuzipa sifa injini wala marubani. Iliipa sifa mikono iliyokaza na macho yaliyokesha. Hivyo hata kama ningesafiri mara 100 kwa mtindo ule, hofu isingepungua hata chembe, kwa kuwa kila safari ingekuwa ushahidi mpya kwamba ulinzi wangu ulihitajika. Ndiyo sababu alisita pia nilipomwuliza kuhusu vidonge vya kutuliza wasiwasi. Hakuvilaani, na alikiri kwamba wapo watu ambao madaktari huwaandikia kwa sababu za msingi, lakini kwa upande wangu alihofu kwamba sifa ingehama tu kutoka mikononi na kwenda kwenye kidonge.

Alinieleza pia kwamba njia ya kuikaribia hofu kidogo kidogo si mpya. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha maelezo ya mtoto mdogo aliyekuwa akiogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali akiwa ndani ya kizimba huku mtoto akipewa chakula anachokipenda, kisha akasogezwa karibu siku hadi siku, hadi mtoto akamshika kwa mikono yake. Mimi nilikuwa mtoto yule, ila sungura wangu alikuwa na injini mbili.

Kabla ya kusogezewa sungura huyo nilijiandikisha katika mafunzo ya siku mbili yaliyotolewa na rubani mstaafu kwa watu wenye hofu kama yangu. Sote tulimwita Kapteni. Huko ndiko nilikopata jambo lililonisaidia kuliko mengine yote, yaani tafsiri ya sauti. Dakika yangu mbaya kuliko zote ilikuwa ile inayofuata kupaa. Ndege huinuka kwa nguvu, unasikia kishindo chini ya miguu, na punde si punde mngurumo wa injini unafifia ghafla na tumbo linashuka kana kwamba ndege imeanza kuanguka. Siku zote niliamini kwamba ninaishuhudia hitilafu ambayo kwa bahati tu haijakua. Kapteni alieleza kwamba kishindo ni magurudumu yanayoingia ndani na milango yake inayojifunga, na kwamba ndege ikishafika kimo cha mita mia kadhaa, mara nyingi karibu 450, nguvu za injini hupunguzwa kwa makusudi, kwa sababu nguvu zile za kupaa hazihitajiki tena, na kuzipunguza huzitunza injini na kuwapunguzia kelele wanaoishi karibu na uwanja. Baadaye kidogo vibawa vilivyochomozwa kwenye kingo za mabawa navyo hurudishwa ndani, na mlio wa mitambo inayovirudisha husikika sakafuni. Muda wote huo ndege bado inapanda. Anayedanganyika ni sikio la ndani, lile linalopima mwendo na mizani ya mwili, kwa kuwa haliwezi kutofautisha kupanda kwa kasi iliyopungua na kushuka. Linatoa taarifa kwamba tunaanguka, na ubongo unaliamini.

Niliandika maelezo hayo kwenye karatasi kwa mfuatano wake na kuyakariri kama mwanafunzi anayesubiri mtihani. Hata ile kengele laini inayolia mara kwa mara, ambayo nilikuwa nikiichukulia kuwa ishara ya siri ya hatari, mara nyingi ni wahudumu wanaopigiana simu au abiria aliyebonyeza kitufe akitaka maji.

Kuhusu msukosuko, Kapteni alikuwa na subira kubwa, kwa maana alijua kwamba hapo ndipo tulipoumia wengi. Alisema kwamba hewa ina uzito na mikondo kama maji, na kwamba mtikisiko hutokea pale mikondo yenye kasi tofauti inapokutana, hewa yenye joto inapopanda au upepo unapovuka milima. Ndege haiangukii shimoni, kwa kuwa hewani hakuna shimo, na kushuka ambako mimi ningekukadiria kuwa mita 200, katika vipimo vya rubani mara nyingi ni mita chache tu. Bawa nalo hupinda kwa sababu limetengenezwa ili lipinde. Kanuni za uundaji wa ndege zinataka lihimili mzigo mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa angani, na mwaka 2010 Boeing waliyapinda juu mabawa ya ndege ya 787 katika jaribio la ardhini hadi kiasi cha mita 7.6 bila kuvunjika. Nilipoiona picha ya jaribio hilo niliikumbuka ile taa iliyonitesa dirishani, nikaiomba radhi kimoyomoyo. Alichosisitiza Kapteni ni mkanda, kwa kuwa wanaoumia katika msukosuko ni hasa wale ambao hawakuufunga.

Mwenzetu mmoja aliuliza itakuwaje injini zote zikizimika. Kapteni alijibu kwamba ndege kubwa ya abiria iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 inaweza kuteleza hewani karibu kilomita 150 bila injini, akatoa mfano wa Airbus A330 iliyoishiwa mafuta juu ya Atlantiki mwezi Agosti 2001, ikateleza kwa dakika 19 hivi na kutua katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 waliokuwamo wakaokoka. Wenzangu walipiga makofi. Nakiri kwamba mimi mfano huo haukunifariji hata kidogo. Nilihitaji habari za ndege ambazo hazikupatwa na jambo lolote.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya mwili. Nilipopatwa na hofu nilikuwa navuta pumzi fupi na za haraka, na upumuaji wa namna hiyo hupunguza kaboni dayoksaidi katika damu, ukaleta kizunguzungu na ganzi ya vidole, dalili ambazo nami nilizihesabu kuwa ushahidi zaidi kwamba ninakufa. Nilijifunza kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, nikivuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya saba, na nilifanya hivyo kila jioni kwa wiki sita, kwa sababu ujuzi huo haufundishiki siku ya safari. Sambamba na hayo nilisikiliza sauti zilizorekodiwa ndani ya ndege hadi zikanichosha, na mara tatu nilikwenda kukaa uwanja wa ndege bila tiketi yoyote, nikitazama zinavyopaa na kutua.

Safari ya kwanza ilikuwa ya dakika 50, na nilikuwa nimeahidi mambo matatu: kutotazama utabiri wa hewa, kutosoma nyuso za wahudumu, na kuweka mikono mapajani ikiwa wazi. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Ndege ilipoanza kukimbia kwenye njia yake nilihisi kwamba ninamsaliti kila aliyekuwamo kwa kuiachia. Kishindo kikaja, nikasema kimoyomoyo, magurudumu. Mngurumo ukafifia, nikasema, wamepunguza nguvu. Tumbo lilishuka vilevile, kwa maana maarifa hayazuii tumbo kushuka, na jasho likanitoka. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu aliniinamia akauliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamjibu kwamba siumwi, ninaogopa. "Basi ogopa tu, mimi nipo," akasema, akarudi kwenye gazeti lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mgeni, na halikufuatiwa na aibu niliyoitarajia. Nilitazama saa: tangu hofu ilipopanda hadi ilipoanza kushuka yenyewe, bila mimi kuifanyia lolote, zilipita dakika nane. Mikono ilikuwa bado mapajani na ndege ilikuwa bado inaruka.

Nilirudi kwa ndege siku nne baadaye, kwa kuwa mwanasaikolojia alikuwa amenionya nisiache pengo refu, kisha nikasafiri tena mwezi uliofuata na ule uliofuata. Safari ya tano tulitikiswa vya kutosha hadi huduma ya vinywaji ikasitishwa. Nilikaza mkanda, sikukaza mikono. Ya saba nililala, nikaamshwa na magurudumu yalipogusa ardhi. Hata hivyo sikuponywa kama mtu anayeponywa malaria. Kulitokea miezi 14 ambapo kazi haikunipeleka popote, na niliporudi langoni nilikuta hofu imeketi inanisubiri, ikabidi nianze upya kuhesabu nne na saba. Tangu wakati huo sipitishi nusu mwaka bila kusafiri, hata kama ni kwa kusingizia safari ambayo basi lingeitosha.

Safari ndefu kuliko zote hadi leo imekuwa ya saa tisa, kwenda kumtembelea mdogo wangu. Usiku wa kwanza nilimweleza ukweli kuhusu ile likizo ambayo sikuiomba. Alicheka, akasema kwamba alijua tangu siku ile, kwa sababu mtu aliyenyimwa likizo angeuliza angalau tiketi ilikuwa bei gani.